Shabaha ya Karatasi: Mtoto Alenge Duara, Asilenge Mtu



Kila likizo inapokaribia, sisi wa Kanombe huulizana swali hili tukitoka msikitini: je, inafaa kumfundisha mtoto kulenga shabaha nyumbani? Mara nyingi anayeuliza ana ndugu yake Dar es Salaam au Muscat aliyeahidi kumletea bunduki ya upepo, ile inayorusha kidonge kidogo kwa nguvu ya hewa. Wengine wana upinde wa mwanzi tu, au manati. Na tangu Yusuf Dikeç wa Uturuki alipopata medali ya fedha pamoja na Şevval İlayda Tarhan kwa bastola ya upepo, katika Olimpiki ya Paris mwaka 2024, akiwa amesimama mkono mfukoni kama mtu anayesubiri basi, vijana wetu wamezidi kuuliza.

Jibu letu ni kwamba inafaa, kwa masharti. Masharti mengi mnayajua: mtoto asiachwe peke yake, macho yalindwe, mtu asipite mbele. Liko moja ambalo hatujasikia likizungumzwa, nalo ni la karatasi yenyewe. Baba atatafuta kifaa, mama atauliza kama ni salama, lakini ile karatasi ya kulenga huachiwa watoto waichore wenyewe. Na watoto huchora nini? Huchora mtu. Kichwa, mabega na alama ya mkato kifuani, kama walivyoona kwenye filamu. Akichoka na mtu, huchora ndege au paka wa jirani.

Sisi tunasema karatasi ya namna hiyo isibandikwe ukutani katika nyumba ya Mwislamu, na hasa isibandikwe Kanombe.

Tuanze na dini. Kulenga shabaha ni katika mambo ambayo Mtume (s.a.w.) aliyahimiza, na katika hadithi ya Uqba bin Amir (r.a.) iliyopokewa na Muslim, nguvu tuliyoamrishwa kuiandaa imefasiriwa kuwa ni kurusha mishale. Hilo vijana wanalijua sana, wanalisoma kwa sauti. Wasilolisoma kwa sauti ni la Ibn Umar (r.a.), aliyewapita vijana wa Kikuraishi waliomfunga ndege wakawa wanamlenga kwa zamu, huku kila mshale unaokosa ukiwa ni malipo ya mwenye ndege. Walipomwona Ibn Umar walitawanyika, naye akawaeleza kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Iko pia hadithi ya Abdullah bin Mughaffal (r.a.) juu ya kurusha vijiwe kwa vidole: Mtume (s.a.w.) alikataza kwa sababu kijiwe hakiui windo wala hakimwumizi adui, lakini huvunja jino na kutoboa jicho. Wenye manati hapo wasikie.

Mzazi mmoja anaweza kutuambia: hiyo ni ya ndege aliye hai, hapa pana karatasi tu, mtu wa kuchorwa hana damu. Kweli hana. (Suala la kuchora viumbe lina mjadala wake kwa wanavyuoni, hatuingii huko leo.) Lakini waulizeni wanajeshi kama umbo la kwenye shabaha ni jambo dogo. Katika miaka ya 1950 jeshi la Marekani lilibadili mafunzo yake. Badala ya askari kulenga duara lililosimama mahali pamoja, waliwekewa vibao vyenye umbo la mtu vinavyoinuka ghafla mbele yao. Lengo lilikuwa wazi: siku ya vita mkono uwe umekwisha zoea. Upande wa michezo mambo yalikwenda kinyume. Lile shindano la Olimpiki la bastola ya kufyatua haraka lilikuwa na shabaha za umbo la mtu kwa miongo mingi, kisha zikaondolewa yakawekwa maduara. Jeshi lilitoka kwenye duara likaenda kwa mtu, michezo ikatoka kwa mtu ikaenda kwenye duara. Kila upande ulijua unachokitafuta. Sasa sisi nyumbani tunatafuta nini?

Tena tukumbuke tunaishi wapi. Usiku wa tarehe 6 Aprili 1994 ndege ya Rais Juvénal Habyarimana, akiwamo pia Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi, ilidunguliwa ikikaribia kutua hapa Kanombe, na mabaki yake yakaangukia katika uwanja wa nyumba ya rais, ambayo leo ni makumbusho. Baada ya usiku ule yakaja mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Watu walisimamishwa vizuizini wakaangaliwa pua na urefu, wakaombwa kitambulisho, na neno moja lililoandikwa kwenye kile kitambulisho likatosha kumfanya mtu kuwa shabaha. Utaratibu wa kuandika kabila kwenye vitambulisho uliletwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930. Kwa hiyo nchi hii inajua vizuri kuliko nyingine nyingi jinsi kipande cha karatasi kinavyoweza kumfunza mtu kutomwona mwenzake. Katika mitaa yetu wako waliookoka, mama zetu na baba zetu, wanaopita kwenye vijia vyetu wakienda sokoni. Wakichungulia uani wakaona kichwa cha mtu kimetobolewa matundu, mtoto wetu atawaeleza nini?

Kuhusu bunduki ya upepo yenyewe tutasema kwa ufupi. Rwanda ina sheria ya silaha ya mwaka 2018, na asiagize mtu wala kuingiza chochote kinachofyatua kabla ya kwenda Polisi na kupata jibu kwa maandishi. Ndugu yako wa Muscat hajui sheria za Kigali. Na hapa tuna uwanja wa ndege na kambi ya jeshi. Kijana anayening'iniza kitu chenye umbo la bunduki juu ya ukuta anajitafutia balaa hata kama ndani hamna kitu. Kwa familia nyingi upinde unatosha, na wala si jambo geni nchini: kulenga shabaha kwa mishale, Wanyarwanda wanauita kumasha, ni mchezo wa kale, na intore wa zamani walifunzwa upinde pamoja na kuruka juu. Kwa anayetumia upinde na kwa aliye na kibali cha bunduki ya upepo, karatasi hutengenezwa kwa njia ileile.

Vifaa mnavyo tayari. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku mwaka 2008, maduka yetu yanafunga bidhaa kwa mifuko ya kaki, na kaki ni karatasi nzuri mno kwa kazi hii. Ikunjueni, ilainisheni kwa pasi, mbandike mbili au tatu pamoja kwa gundi ya unga wa muhogo, kisha juu kabisa karatasi nyeupe. Zikaushwe chini ya vitabu vizito usiku kucha, la sivyo zitajikunja. Karatasi nyembamba peke yake huchanika ikipigwa, na hapo ndipo ndugu wanapogombana kama ni nane au tisa. Ngumu huacha tundu safi.

Lakini angalieni mnachokata. Karatasi za madrasa, zenye aya au majina ya Allah, haziingii humu kabisa, hata upande wa pili ukiwa mtupu. Wala kalenda na mabango yenye sura za watu, kwa sababu tulizokwisha kusema.

Kwa upinde, fuateni shabaha ya kimataifa ya ndani ya ukumbi inayotumika umbali wa mita 18, nayo ina upana wa sentimita 40. Bikari ya shule haifiki huko. Kateni ukanda wa boksi, mtoboe tundu moja la msumari mwishoni, kisha matundu ya ncha ya penseli kila sentimita 2 hadi 20. Uzi haufai, hunyooka na duara likawa yai. Mtapata maduara kumi. Mawili ya katikati ni ya njano, yanayofuata mekundu, kisha buluu, meusi, na ya nje meupe. Njano mtaipata jikoni kwenye manjano, nyeusi kwenye unga wa makaa uliochanganywa na gundi kidogo. Makaa ni bora kuliko kalamu ya wino, maana wino hung'aa juani na kumchosha mlengaji.

Ya bastola ya upepo, kwa umbali wa mita 10, ina sehemu nyeusi yenye upana wa milimita 59.5 na duara la kumi lenye milimita 11.5. Nyua zetu hazina mita 10. Tukisimama mita 5, kila kipimo kinagawanywa kwa mbili ili jicho lione ukubwa uleule. Hapo mwanafunzi wa sekondari afanye hesabu mwenyewe, kisha alinganishe na yetu: bikari ianze na milimita 3, halafu iongezwe 4 kila mara, yaani 3, 7, 11, 15, mpaka duara la kumi ambalo ni 39. Manne ya ndani yapakwe nyeusi. Tundu la kidonge, milimita 4.5, halipungui pamoja na karatasi, kwa hiyo alama za mita 5 huwa na upendeleo kidogo. Asijisifu mapema.

Nyuma ya karatasi ndipo wengi wanapopuuza. Bati hurudisha, jiwe hurudisha, na mti nao haufai. Nyumba nyingi za Kigali zimechongwa mlimani na zina ukingo wa udongo upande wa juu. Hapo ndipo mahali pake. Karatasi iwekwe chini ya usawa wa kifua ili kinachokosa kiingie ardhini, na mbele ya udongo liwepo boksi lililoshindiliwa magazeti na nguo kuukuu. Upande wa mteremko, kwenye njia ya watu, hata mshale butu usielekezwe. Mtume (s.a.w.) aliwataka wenye mishale wazishike ncha zake wapitapo msikitini na sokoni, na nyua zetu hazina nafasi kuliko soko. Vidonge vingi ni vya risasi, na lugha yetu imeyaita madini na kinachotoka bundukini kwa jina moja: madini hayo ni sumu, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chakula.

Alama zihesabiwe hivi: tundu likigusa mstari, anapewa namba ya juu. Ndiyo kanuni ya mashindano, na inapunguza kelele. Kila karatasi iandikwe tarehe na jina, isitupwe. Baada ya wiki nne zipangeni moja juu ya nyingine mziinue dirishani. Mwanga utapita kwenye matundu, na mtoto ataona kama mkono wake unavuta kulia, kushoto au chini, na wiki ipi yalianza kukusanyika katikati.