Ulipoondoka, Uliahidi Nini?

Katoro ni mji wa watu waliokuja. Mwalimu kahamishiwa, muuza duka kafuata dhahabu, wachumba wamepanga chumba kimoja. Siku ya kuhama wote huahidi: "Tutawasiliana." Halafu kimya.

Hebu tutazame kisiwani Ukerewe. Mwaka 1945 Aniceti Kitereza alimaliza kuandika kwa Kikerewe habari za Myombekere na Bugonoka, mume na mke wanaopendana lakini hawajajaliwa mtoto. Padri Almas Simard, mmisionari wa White Fathers, alirudi kwao Kanada na mswada huo ili autafsiri kwa Kifaransa. Umbali haukumsahaulisha rafiki, ila kifo kilimkuta kitabu hakijachapwa.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 wakafika Gerald na Charlotte Hartwig, wanandoa watafiti kutoka Marekani. Hao walimhimiza mzee akitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na wakahangaikia mchapishaji. Tanzania Publishing House ikakitoa mwaka 1980. Mzee alifariki 1981, kabla nakala hazijamfikia.

Miaka 35! Ahadi ilitimia, mwenyewe hakuiona.

Basi wewe na mwenzio, chagueni mtu mmoja mliyemwacha: mama mwenye nyumba wenu wa kwanza, au yule jirani aliyewauguzia mtoto. Mpigieni leo. Na kama yuko upande wa Mwanza, tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limetuondolea foleni ya kivuko. Kisingizio kimebaki kipi? Mkipata likizo nendeni, wazee hawasubiri.