Daftari la Majina Likae Nyumbani



Ndugu zangu Waislamu, kila mtoto anapofungua ukurasa wa intaneti, kuna seva inayoulizwa kwanza: jina hili lina namba gani? Mwenye seva hiyo anajua nyumba yenu inatafuta nini, na saa ngapi. Kila nikilizungumza jambo hili hapa Nyamirambo hujibiwa, “Weka zile nane nne, yaishe.” Wanakusudia 8.8.8.8, seva ya Google iliyofunguliwa Desemba 2009. Yaishe vipi? Umelikabidhi daftari la nyumba yako kwa tajiri wa Marekani! Tena wako wazazi wanaodhani namba hizo zinazuia uchafu. Hazikuwekwa kwa kazi hiyo.

Programu ya Unbound ni ya bure, na kompyuta kuukuu iliyolala stoo inaitosha. Yenyewe huanza kuuliza seva kuu za dunia. Kama jina ni la .rw, ambalo tangu 2012 linasimamiwa na RICTA hapa hapa Rwanda, huelekezwa huko, kisha kwa mwenye jina. Jibu huwekwa akiba kwa muda aliouweka mwenyewe, pengine dakika chache, pengine siku nzima. Ndani ya muda huo watoto sita wakitafuta jina lile lile, swali limetoka mlangoni mara moja tu.

“Kampuni ya intaneti bado inaona,” husema wanafunzi wetu. Kweli, maswali yanayotoka hupita wazi kwenye waya wake. Lakini huyo tunaye hata tukitumia nane nne. Kwa nini tumwongeze wa pili?

Ninaowaogopa zaidi ni sisi akina baba. Programu hii ikiamrishwa huandika kila jina lililoulizwa, na baba atakesha akimpekua mkewe na binti yake. Suratul Hujuraat, aya ya 12, imekataza kupelelezana, wala sijaona ilipomsamehe mwenye nyumba. Unbound ikiwekwa tu haiandiki maswali hayo, iacheni hivyo. Mwenye shaka na mwanawe akae naye amuulize.

Vijana wa chuo, wawekeeni wazee wenu likizo hii. Ni kazi ya baina ya Alasiri na Isha, umeme usipokatika. Na muwaonyeshe namna ya kuiwasha upya, maana ikizimika nyumba nzima haitafungua kitu, na lawama zitakuwa zenu.

Wabillahi tawfiq.