Nusu Yangu Haina Deni

Jirani yangu alijua mambo yameharibika akiwa kwa foleni ya supamaketi. Kadi ilikataa mara ya kwanza, ikakataa ya pili, na waliokuwa nyuma yake wakaanza kukohoa. Akapigia benki simu. Akaambiwa akaunti imezuiwa kwa agizo la korti. Deni la nani? La mumewe, aliyekuwa amemdhamini ndugu yake achukue mkopo wa kununua matatu. Yeye hakuwa ametia sahihi popote. Lakini mshahara wake wa ualimu, karo ya watoto na pesa za chama zilikuwa humo, kwa majina mawili.

Nimechoka kusikia watu wakisema, "Si ni bwana yake? Deni la mume ni la mke." Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 haisemi hivyo. Kifungu cha 14 kinasema mali iliyopatikana wakati wa ndoa kwa majina ya wote wawili huchukuliwa kuwa yao nusu kwa nusu, mpaka mtu athibitishe vingine. Kifungu cha 10 kinawabebesha wote wawili deni lililochukuliwa kwa faida ya ndoa. Sawa. Kama mkopo uliezeka nyumba au ulilipa karo, tulipe pamoja, hapo sibishi. Matatu ya shemeji ilifaidi ndoa ya nani?

Shida iko kwa utaratibu wenyewe. Mdai huenda kortini kivyake na kupewa agizo la muda. Likifika benki, pesa zimeshikwa. Benki ndiyo huitwa ieleze kwa nini isimlipe mdai, na kanuni zinaipa nafasi ya kusema kwamba pesa hizi zina mwenyewe mwingine, ili naye aitwe asikizwe. Benki ina kadi yenye sahihi ya huyo mwingine. Inamjua kwa jina, ilimpiga picha, kila Krismasi inamtumia ujumbe wa heri. Siku ya korti, benki ya jirani yangu ilinyamaza.

Hili si jambo geni. Mwaka 1938, katika kesi ya Hirschorn v Evans, Mahakama ya Rufaa ya Uingereza ilikataa akaunti ya mume na mke inaswe kwa deni la mume peke yake, kwa sababu benki ilikuwa inadaiwa na wawili kwa pamoja, si na mmoja. Sisi tulirithi sheria zao chungu nzima, hii mbona tunaisahau? Hata KRA, yenye meno kuliko mdai yeyote, imewekewa mpaka na Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015: haigusi akaunti ya pamoja isipokuwa wenye akaunti wote wana deni la kodi, au mdaiwa anaweza kutoa pesa bila sahihi ya mwenzake. (Kwa hivyo wale mliochagua "yeyote atie sahihi" ili msisumbuane, fikirieni tena.)

Najua wako wanaume, na wanawake pia, wanaoficha mali kwa jina la mwenzao. Basi mdai athibitishe hivyo. Yeye ndiye anayetaka pesa za mtu asiyemjua.

Kifungu cha 44 cha Sheria ya Taratibu za Kesi za Madai kinakataza kuchukua sufuria, vitanda na matandiko ya mke na watoto wa mdaiwa. Aliyekiandika alijua mke ana vitu vyake, ila hakuwazia kwamba mke huyo angekuwa na mshahara. Bunge liongeze mstari: nusu ya asiyedaiwa isiguswe kabla hajasikizwa, na benki imjulishe siku ileile agizo linapofika.

Jirani yangu alihitaji wakili wa kwenda kudai nusu yake. Wakili alitaka malipo kwanza. Pesa zenyewe zilikuwa kwa ile akaunti.