Mzigo Hausomi Leseni

Vijana wa Mbekenyera wanaotamani kuendesha malori wana msemo wao: "Leseni ni karatasi tu, udereva utaujulia barabarani." Wazee nao wana wa kwao: "Utingo wa miaka kumi atahiniwe nini tena?" Nimeisikia misemo hii miwili dukani, kilabuni na kwenye maghala ya korosho, ikisemwa kwa kicheko, na kila niisikiapo moyo huniuma. Yote miwili ni uongo. Nasema hivyo bila kuona haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuiamini, na aliyelipa gharama ya imani yangu ni mtu mwingine.

Nilianza utingo mwaka 1983, tukiwa bado Wilaya ya Nachingwea, kabla Ruangwa haijapewa wilaya yake mwaka 1995. Lori letu lilikuwa Bedford la tani saba. Kazi ya utingo naijua. Kupakia na kupakua, kufunga turubai, kutia maji kwenye radieta, kupaka grisi, kulala juu ya magunia, na kuruka chini na gogo mkononi lori linapogoma mlimani, ulisukume nyuma ya tairi kabla halijarudi. Dereva wangu alikuwa mtu mpole na mwalimu mzuri. Barabara ikiwa tupu alinipisha kwenye usukani. Kwake nilijifunza kuisikia injini kwa nyayo, kukanyaga klachi mara mbili ili gia iingie bila kulia, na kuusoma mchanga ningali mbali. Yote hayo ni elimu, wala sitamruhusu mtu aidharau mbele yangu.

Lakini kwake nilijifunza pia kuteremka kwa nyutro. Dizeli ilikuwa ya taabu miaka ile, na kila dereva aliyefika kileleni aliitoa gia, akaliachia lori litelemke lenyewe. Kibaba cha mafuta kilichobaki kilikuwa faida yake. Alifanya hivyo miaka mingi bila kupata ajali, nami nikaamini ndio ufundi wenyewe. Huo ndio udhaifu wa kujifunza kwa kutazama tu: mwanafunzi huchota maji pamoja na tope, na hana wa kumwambia lipi ni lipi.

Mwaka 1988 nikaenda kutafuta leseni ya malori katika mji ambao sitautaja. Niliulizwa alama za barabarani, nikazijibu. Nikaonyeshwa ubao uliochorwa njia panda, nikasema nani ana haki ya kupita kwanza. Kisha nikapewa pikapu tupu, nikazunguka sokoni, nikarudi kinyumenyume katikati ya madebe mawili, nikaegesha. Haikuzidi dakika ishirini. Mtahini akanipa mkono, nikawa dereva wa malori bila yeye kuniona nimekaa ndani ya lori.

Nataka msomaji anielewe vizuri hapa. Sikutoa hata senti moja ya chai, wala sikuombwa. Tumezoea kusema kwamba ubaya wa leseni zetu ni rushwa, na rushwa kweli ni adui; lakini lawama hiyo imekuwa kama mkeka wa kufunikia shimo. Leseni yangu ilikuwa halali kuanzia herufi ya kwanza hadi mhuri, na bado ilikuwa uongo. Ilisema naweza jambo ambalo hakuna mtu aliyenipima kama naliweza.

Mwezi Desemba mwaka huohuo nilitoka Mbekenyera na magunia themanini na tano ya korosho. Gunia moja ni kilo 80, kwa hiyo mzigo ulikuwa karibu tani saba, bila kuhesabu chuma cha lori lenyewe. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Juu ya magunia alikaa utingo wangu, kijana wa jirani, umri wa miaka kumi na minane, aliyekuwa akiniita kaka. Tulipofika kwenye mteremko mmoja mrefu unaoishia kwenye kalavati, nikatoa gia kama nilivyofundishwa. Nikakanyaga breki, ikashika. Nikakanyaga tena, ikashika kidogo. Mara ya nne mguu ukazama hadi chini, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Nikajaribu kurudisha gia, ikakataa kwa kishindo. Kijana wa watu akafanya alichofundishwa: akaruka na gogo lake. Lori halikulijali gogo. Liliingia porini, likalala ubavu, na mguu wa kulia wa yule kijana ukabaki chini ya magunia.

Hadi leo anatembea kwa fimbo. Anatengeneza baiskeli, ana wajukuu, na tukikutana husema, "Ilikuwa bahati mbaya, kaka." Namshukuru kwa ukarimu wake, lakini sikubali. Bahati mbaya ni nyati kukatiza barabara usiku. Lililotupata sisi lilikuwa na sababu ambayo mwalimu yeyote angeweza kunieleza kwa nusu saa chini ya mwembe. Breki husimamisha gari kwa msuguano, na msuguano huzaa moto. Lori likiteremka bila gia, uzito wote unaibebesha breki peke yake. Ngoma ya breki hupata moto na kutanuka, viatu vya ndani havishiki tena. Likiwa kwenye gia ndogo, injini hulivuta nyuma, na breki inabaki kuwa msaidizi. Kanuni yake haina maneno mengi: mteremko ushuke kwa gia ambayo ungeupandia, na uiingize ungali kileleni, kwa maana katikati ya mteremko umeshachelewa. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nguvu ya kulisimamisha lori huzidi mara nne. Pikapu tupu haiwezi kumfundisha mtu haya, na haiwezi kumpima.

Wilaya zetu hizi zilipaswa kuwa za kwanza kulijua somo hili. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha mpango mkubwa wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake, pamoja na Kongwa na Urambo. Zililetwa mashine nyingi, nyingine zikiwa zimeshatumika vitani, wakakabidhiwa watu waliofundishwa harakaharaka. Ardhi ilikuwa ngumu, mipango ilikuwa mibovu, na matrekta yakafa kwa wingi kabla ya kulima kilichotarajiwa. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya paundi milioni 30 zikapotea. Sisemi madereva ndio waliouangusha. Waliouangusha walikuwa maofisini. Lakini mtu kukabidhiwa mashine asiyoijua, kisha akalaumiwa inapoharibika, ni hadithi ya hapahapa kwetu, na tunairudia. Hata reli iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya karanga hizo iling'olewa miaka ya 1960. Tangu hapo korosho yetu, ufuta wetu na mbaazi zetu vinategemea mgongo wa lori.

Na barabara za leo si zile za 1988. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, kivuko cha Ndundu kikaacha kuwa kikwazo cha safari za Dar es Salaam, na magari yaliyozidi ukubwa yakaanza kuja kusini. Pikipiki zimejaa. Watoto wanaokwenda shule hutembea pembeni mwa njia ileile. Lami nayo, ambayo kila mtu anaishangilia, huficha mteremko: kwenye vumbi shimo lilikulazimisha upunguze mwendo, kwenye lami hakuna wa kukulazimisha. Waulize madereva wa masafa kuhusu Kitonga kule Iringa, au mteremko wa Iwambi kule Mbeya, uone watakavyobadilika sura.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 ipo, inamtaka mwanafunzi abandike herufi L na akae na mwenye leseni. Madaraja yapo pia, na malori mazito yana daraja lake, Daraja E. Vyuo vya ufundi stadi vipo. Sidai kwamba kila mtahini ni kama yule wangu. Ninachodai ni kimoja: mtu asipewe leseni ya lori mpaka awe amepanda mlima na kuushuka akiwa na lori lililopakiwa, mtahini akiwa pembeni yake. Alama za barabarani ajue, ndiyo. Kurudi nyuma ajue, ndiyo. Lakini mzigo hausomi leseni. Ukiwa juu ya mteremko haukuulizi umepata alama ngapi kwenye ubao.

Najua nitakavyojibiwa. Nitaambiwa vijana wetu ni maskini, lori la kujifunzia lenye mzigo watalitoa wapi? Swali ni la haki, na jibu tunalo mlangoni. Msimu wa korosho ukimalizika, na ufuta haujaanza kuvunwa, malori mengi hukaa chini ya miembe yakisubiri kazi. Mchanga wa mtoni hauuzwi dukani. Magunia ya mchanga yanalemea sawasawa na ya korosho, na yakianguka hayamtii mkulima hasara. Wenye malori wanaolia kwamba madereva wanawaharibia magari wangetoa lori moja kwa wiki mbili, wanafunzi wachangie dizeli, na dereva mzee mwenye leseni akae kiti cha pembeni. Gharama yake ni ndogo kuliko springi moja iliyovunjika, sembuse mguu wa mtu.

Nitaambiwa pia kwamba uzoefu ndio mwalimu. Ni kweli, lakini mwalimu huyo ana tabia mbaya ya kuchapa watu wasio wanafunzi wake. Barabara ilinifundisha mimi, na fimbo ikampata kijana wa jirani.

Na kwa utingo wa miaka kumi nasema hivi: usiogope mtihani, wala usiudharau. Nusu ya mtihani unayo tayari mikononi. Nenda ukaitafute nusu ya pili kwa mtu atakayekwambia ni tabia gani za dereva wako uziache. Asubuhi kabla ya kuwasha, zunguka lori lote: nati za magurudumu, springi, mafuta ya breki au geji ya upepo, kamba za mzigo. Mtahini asipokuuliza hayo, mwambie mwenyewe. Akikupa pikapu tupu, muombe kwa adabu akupime kwa lori. Huenda akakucheka. Mimi sikuomba, nilifurahi kumaliza mapema, nikarudi Mbekenyera nikinunulia watu soda. Ile furaha ya dakika ishirini mwenzangu anaitembelea kwa fimbo mwaka wa thelathini na kitu sasa.

Anayetaka kuniita mzee mkali na aniite. Lakini kijana atakayenijia kuomba nimshike mkono apate lori la kuendesha, sitamuuliza kama ana leseni. Nitampandisha kileleni na magunia ya mchanga nyuma, nimwambie, "Haya mwanangu, tushushe," nami nitautazama mkono wake kama unakwenda kwenye gia.