Mfumo Ni wa Nani, na Anayeupima Ni Nani?

Serikali yetu imezoea kutangaza mafanikio ya miradi yake ya kidijitali kwa kutaja idadi. Tunaambiwa maelfu ya huduma yamo kwenye eCitizen, na mamilioni ya Wakenya wamekwisha kusajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA. Sizipingi takwimu hizo. Ninachohoji ni kama zinatueleza lolote kuhusu utendaji. Kusajiliwa si kutibiwa, na mfumo uliofunguka asubuhi waziri akiuzindua huenda usifunguke usiku wa manane, mama anapofikishwa hospitalini kujifungua.

Mwezi Machi 2025 ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, Nancy Gathungu, kuhusu mwaka wa fedha wa 2023/2024, ilifika kwa umma ikiwa na mambo mazito kuhusu mfumo huo wa afya. Gharama yake ni shilingi bilioni 104.8. Zabuni ilitolewa kwa utaratibu maalumu, pasipo ushindani wa wazi. La kushangaza zaidi ni kwamba mfumo wenyewe, vipengele vyake na haki zote za ubunifu wake si mali ya serikali. Ni vya muungano wa kampuni zilizopewa kazi hiyo. Tena, kwa mujibu wa ripoti hiyo, mkataba unaizuia serikali kuunda mfumo mwingine wa kushindana na huo.

Wizara ilijitetea kwamba hakuna bilioni 104 zilizotolewa kwenye hazina na kukabidhiwa mtu. Kampuni hizo, ilieleza, zinagharimia mfumo na kulipwa kadiri unavyotumika. Malipo hayo, ripoti inaonyesha, ni asilimia 2.5 ya michango ya wanachama na asilimia 5 ya madai ya hospitali.

Utetezi huo ulinisumbua kuliko shutuma zenyewe. Kama fedha hizi zingetoka kwenye bajeti, zingeandikwa katika makadirio, zikafika Bungeni, na mbunge hata mmoja mkaidi angeweza kusimama akauliza mbona ni nyingi. Makato hayapiti njia hiyo. Mwalimu anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake haoni popote kwenye karatasi ya malipo kwamba sehemu ya mchango ule inalipia mitambo, wala si dawa. Isitoshe, asilimia kwa asili yake hufuata wingi wa fedha zinazopita. Haipimi idadi ya saa ambazo mfumo ulikuwa hai, wala muda ambao hospitali ya mashinani ilisubiri kulipwa. Iwapo mkataba unamtoza mkandarasi faini kwa kila siku mfumo unapolala, basi mwenye kuchangia ana haki ya kukisoma kifungu hicho kwa macho yake.

Mantiki hiyo hiyo imo katika ile shilingi 50 inayotozwa kwenye eCitizen. Ni kiasi kidogo kwa mlipaji mmoja, ndiyo maana hakuna anayegomba. Ilibidi wazazi wakabiliwe na agizo la kulipa karo za shule za kitaifa kwa njia hiyo ndipo suala lifike Mahakama Kuu, ambayo ililibatilisha agizo hilo Aprili 2025.

Nchi hii haina upungufu wa sheria. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inazitaka taasisi za umma kuchapisha maelezo ya mikataba zinayotia saini, bila kungoja kuombwa. Niliwahi kuwapa wanafunzi wangu zoezi la kuchagua mradi wowote wa kidijitali wa serikali na kuutafuta mkataba wake. Waliniletea picha za uzinduzi kwa wingi.

Tatizo ni wakati. Mkaguzi hufika baada ya arusi, mahari imeshalipwa na mgeni amekwisha kukaa. Katika Huduma Namba tulipanga foleni mwaka 2019 tukatoa alama za vidole. Oktoba 2021 ndipo Mahakama Kuu ikaamua kwamba kadi zilitolewa kinyume cha sheria, kwa kuwa tathmini ya athari kwa data za watu haikufanywa kwanza. Tathmini hiyo ingegharimu sehemu ndogo mno ya mradi.

Marekani, ambayo nayo imewahi kuaibika kwa miradi ya namna hii, ilifungua mwaka 2009 ukurasa wa umma unaoonyesha gharama na ratiba ya kila mradi mkubwa wa teknolojia wa serikali kuu, pamoja na jina na picha ya afisa anayewajibika. Haukuziba kila tundu. Lakini mradi uliochelewa ulionekana umechelewa ukiwa bado unaendelea.

Nakiri kwamba mfumo wa SHA una faida. Wizara imesema ndio uliofichua hospitali zilizodai malipo ya wagonjwa hewa, na hospitali kadhaa zikafungiwa mwaka 2025. Naam, vyema. Ila chombo kinachoweza kumfichua daktari mlaghai kinaweza pia kuhesabu kushindwa kwake chenyewe.

Kifungu cha 125 cha Katiba kinazipa kamati za Bunge uwezo kama wa Mahakama Kuu wa kuita mashahidi na kudai nyaraka. Kamati ya Afya itakapokutana tena na maafisa wa Wizara, ningependa idai waraka mmoja kabla ya kusomewa idadi ya waliosajiliwa: orodha ya saa ambazo mfumo haukupatikana, hospitali kwa hospitali, mwezi kwa mwezi, tangu tarehe 1 Oktoba 2024.