Wameru Wanasema Walitoka Kwetu. Tumewauliza?

Ukitaja Meru hapa Pwani, jibu la kwanza ni miraa. Lakini kuna jambo jingine linalotufunga na watu wale, nalo hatulizungumzi: masimulizi yao yanasema walitoka huku kwetu.

Wazee wa Kimeru husimulia kwamba asili yao ni kisiwa kiitwacho Mbwaa. Huko walitumikishwa na Nguuntune, yaani watu wa nguo nyekundu, mpaka Koomenjwe akawavusha maji wakatoroka. Waliovuka usiku wakawa koo za Njiru, weusi. Wa alfajiri, Ntune, wekundu. Wa mchana, Njeru, weupe. Jeffrey Fadiman, mwanahistoria Mmarekani, aliihusisha Mbwaa na Manda, ng'ambo tu ya Lamu. Si wanahistoria wote wanaokubali, lakini masimulizi yapo, na wenyewe wapo.

Atakayefunga safari aanzie Makumbusho ya Meru, yaliyofunguliwa mwaka 1974 katika jengo la ofisi ya mkoloni, kisha aende Nchiru, kwenye makao ya Njuri Ncheke, baraza la wazee ambalo hadi leo husikiliza kesi za mashamba. Embu iko njiani. Karibu na Runyenjes kuna kichaka cha Mwenendega, ambapo Waembu husema ndipo chimbuko lao.

Hutakuta kasri huko. Gyeongju, uliokuwa mji mkuu wa wafalme wa Silla kule Korea, una makaburi ya kifalme kama vilima, na UNESCO iliutambua mwaka 2000. Wameru walitawaliwa na baraza, si mfalme, na baraza haliachi kaburi la dhahabu. Linaacha mahali na maneno. Je, hiyo si turathi? Makaya ya Wamijikenda ni misitu, nayo yaliingia orodha ya dunia mwaka 2008. Basi asije mtu akasema Mwenendega ni miti tu.

Katiba ya 2010 iliiachia serikali kuu makumbusho ya kale yenye umuhimu wa kitaifa, na kaunti zikapewa shughuli za utamaduni. Kwa hiyo Lamu na Meru hazina haja ya kungoja Nairobi ili kukaa pamoja. Wazee wa Nchiru waalikwe Manda, nasi tuwapeleke wanafunzi wetu huko. Wazee wanaondoka, na kila anayezikwa huenda na sehemu ya kisa.

Najua kuna neno litakalotukera: utumwa. Wapo wanaosema wale wa nguo nyekundu walikuwa Waarabu, na wengi wetu tungependa mjadala uishie hapo. Lakini mgeni akija na habari ya babu yake, adabu ya Mswahili ni kumkaribisha, kumpa nafasi aseme, kisha nasi tuseme tunayoyajua. Kisa hiki kinasimuliwa Meru kila siku, tupende tusipende. Afadhali kisimuliwe nasi tukiwapo barazani.