Kipindupindu Kitazamwe kwa Ujumla Wake

Kipindupindu kilichozuka Malawi, ng'ambo ya Ziwa Nyasa, mwezi Machi 2022 kiliua watu zaidi ya 1,700. Kwa hiyo, kutoka Mbamba Bay hadi Ruanda wilayani Mbinga, hapana budi adui huyo afahamike barabara.

Kwa miaka mingi wataalamu walichunguza sehemu moja moja ya kijidudu chake. Mwaka 2000 jeni zake zote, karibu 3,900, zilisomwa. Sasa huchunguzwa zote pamoja, sambamba na chembe za utumbo wa binadamu. Imedhihirika kwamba kijidudu kikifika utumboni hupokea ishara za mwili, hujishikiza, kisha hutoa sumu inayozifanya chembe zimwage maji na chumvi. Mgonjwa asiyetibiwa aweza kufa katika saa chache. Maafa hayo si kazi ya jeni moja, bali ya nyingi zinazoshirikiana.

Fundisho kwa watumishi wa umma ni dhahiri. Adui anayeshambulia kwa ushirikiano hawezi kushindwa na idara zinazotengana. Bwana afya asimamie vyoo, mhandisi alete maji safi, mwalimu aeleze sababu. Na wote wapange kazi hiyo katika kikao kimoja, kabla ya mgonjwa wa kwanza.